Kufundisha Vijana Kuandika Michezo ya Jukwaa na ya Sinema

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kunena juu ya somo ambalo wazazi wengi hulidhani ni la kujifurahisha tu, nalo ni kuandika michezo ya kuigiza. Hatusemi kuicheza, kwa maana hapana shule ya misheni isiyopata kuwavika watoto shuka siku ya Noeli na kuwaita wachungaji. Wala hatusemi kuisoma, kwa maana kuisoma kumo katika mtihani. Twasema kuiandika: kijana wa kidato cha tatu au cha nne akae na kalamu yake, aumbe watu ambao hawakuwapo, awape haja na maneno, kisha awatoe mbele ya wenzake wapate kuhukumiwa.

Sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha watakaokuwa walimu, twaulizwa mara kwa mara somo hili lafundishwaje, na kama lawezekana katika shule isiyo na jukwaa wala kamera. Twajibu ya kuwa lawezekana, tena limekwisha kufanywa. Katika mwaka 1954, katika Alliance High School iliyoko Kikuyu, nchi ya Kenya, mwanafunzi aitwaye Henry Kuria aliandika mchezo kwa Kiswahili akauita Nakupenda, Lakini... Mwaka 1957 ukapigwa chapa ukawa kitabu. Wanafunzi wengine wa shule ile ile wakaandika yao: Kimani Nyoike, B. M. Kurutu, Gerishon Ngugi. Vijana wa shule hiyo walikuwa wakicheza mchezo wa Shakespeare kwa Kiingereza. Lakini walipotwaa kalamu wenyewe waliandika kwa lugha ambayo mtu wa sokoni aliweza kuisikia. Hawakuwa na chuo kikuu nyuma yao. Walikuwa watoto wa shule, na kengele ya kulala iliwahusu kama inavyowahusu wetu.

Basi tuanze pale mwanafunzi aanzapo. Ugonjwa wa kwanza wa mwandishi mchanga ni hotuba. Mwambie aandike onyesho la mume na mke nyumbani, naye atakuletea ukurasa wa namna hii. Mke asema: "Mume wangu, kama ujuavyo, tumeoana miaka kumi na minane sasa, Mungu ametujalia watoto wanne, na mkubwa wao yuko kidato cha nne." Mume naye ajibu: "Naam, mke wangu, nawe wajua ya kuwa mimi ni mvuvi." Katika maisha yetu hatujapata kumsikia mke akimhesabia mumewe watoto waliozaa, isipokuwa amekasirika sana, na akiwa amekasirika sana, hapo mchezo umekwisha kuanza, wala mwandishi hana habari.

Dawa ya ugonjwa huu haimo kitabuni. Twawatuma wanafunzi, wawili wawili, waende sokoni au stendi ya mabasi au kisimani, wakae kwa muda wa robo saa wakisikiliza, kisha warudi waandike yale waliyoyasikia bila kuyapamba. Kando ya kila neno huandika jambo la pili: mtu huyu alikuwa akitaka nini? Muuza samaki asema, "Chukua tu, mama, leo nimekuja kutembea." Hakuja kutembea. Ataka samaki wake watoke kabla ya jua kuwa kali. Mnunuzi asema, "Samaki wako wananitazama vibaya." Naye hawaogopi samaki, ataka bei ishuke. Mwanafunzi akisha kuona ya kuwa neno lililosemwa na haja iliyofichwa ni vitu viwili, amepata nusu ya kazi. Wengine hulipata jambo hili katika siku moja, na wengine hawalipati mpaka muhula wishe, wala hawa wa pili si wajinga. Mara nyingi ni wale waliofundishwa vema mno kuandika insha.

Kwa kuwa insha na mchezo ni adui. Katika insha mwandishi asema alionalo, apange hoja, afunge. Katika mchezo mwandishi hana kinywa. Vinywa ni vya watu wake, na kila mmoja wao ajiona kuwa ana haki. Mwanafunzi aliyemtunga mlevi huyo asiye na neno hata moja la kujitetea, hajatunga mtu. Ametunga tangazo la kubandikwa ukutani.

Tuliolelewa misheni tulikuwa na mwalimu mzuri wa jambo hili tangu utoto, ila hatukumjua. Ule mfano wa mwana mpotevu, ulio katika Luka mlango wa 15, una watu watatu tu. Mdogo ataka mali yake, kisha ataka chakula. Baba ataka wanawe wote wawili katika nyumba moja. Mkubwa ataka hesabu ya miaka aliyofanya kazi. Twawaomba wanafunzi watuonyeshe aliye mwovu kati yao, na darasa hugawanyika, kwa maana yule mkubwa, ukimsikiliza, ana haki yake. Tena mfano ule wakoma mahali pa ajabu. Muziki wapigwa ndani, kaka amesimama nje, baba ametoka kumsihi, na hatuambiwi kama aliingia. Twaomba msikilizaji alishike neno hili, maana tutalirudia kwa aibu.

Haja, basi, na kizuizi. Na tatu, hasara. Mtu akikosa anachokitaka, atapoteza nini? Wanafunzi hudhani ya kuwa hasara lazima iwe kifo. Huua watu wengi sana. Onyesho la kwanza ajali ya gari, la pili sumu, la tatu mahakama. Hapo twawapa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, ambayo yahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, vita vilivyoua watu wengi kuliko mwanafunzi yeyote awezavyo kuua kwa kalamu. Hata hivyo uzito wa mwisho wa mchezo ule hauko katika kufa kwa mtu. Kinjeketile yu mikononi mwa Wajerumani, nao wamtaka aseme ya kuwa maji yalikuwa uongo. Akikubali, atasema jambo ambalo mwenyewe amekwisha kulishuku. Akikataa, atakufa akilibeba. Lakini akikubali, umoja wa makabila uliozaliwa kwa maji yale wafa pamoja na maji. Njia zote mbili zina hasara, wala hapana ya tatu. Tukifika hapo huwafunga vitabu, tukawaambia: Mtafutieni mtu wenu njia mbili za namna hiyo, hata kama ashindania kuku.

Kitu kinachoshikika mkono chafaa pia. Wanafunzi wengi wa Tanzania kwa miaka mingi wameisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba kwa ajili ya mtihani, na wanajua kutaja dhamira zake kwa moyo. Wachache wameulizwa kwa nini mchezo ule hauwezi kwenda bila yale makaratasi ya hesabu ya watu. Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu. Makaratasi ni kazi yake, ni heshima yake, ni sababu ya kuwako kijijini. Yakichomwa moto na mzee aliyechukuliwa binti yake, hapana haja ya mtu kusimama na kueleza ya kuwa mapenzi yameharibu kazi. Watazamaji wameona moshi.

Sasa tutasimulia habari ya mwanafunzi mmoja. Jina lake hatutalitaja, wala la shule, kwa kuwa kosa lililofanyika lilikuwa letu.

Kijana huyo alitoka pwani, mtoto wa mvuvi. Aliandika mchezo wa onyesho moja. Mwana wa mvuvi amechaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule ya bweni ya mbali. Shangazi yake ameleta fedha za nauli, godoro na sanduku, nazo zimewekwa katika mkebe chini ya kitanda cha baba. Basi laondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Pazia linapofunguka, chumbani yumo mama peke yake, na pembeni mna wavu mpya wa uvuvi. Mama autazama, kisha atwaa mkeka akaufunika. Mwana aingia kwa furaha, atafuta mahali pa kuketi, aketi juu ya mkeka ule.

Kumbuka ya kuwa hapajasemwa neno. Kila mtazamaji amekwisha kujua fedha zilikokwenda, na mwana hajui, tena ameikalia habari yenyewe. Kijana wa miaka kumi na saba aliliwaza hilo, nasi tuliomfundisha tusingeliwaza.

Mama amhimiza ale. Kila mwana atajapo safari, mama ataja chakula. Kisha baba aingia. Mwana asimama kwa adabu, asema, "Shikamoo, baba." Baba haitikii. Hapa kijana wetu aliandika maelezo ya jukwaani kwa mstari mmoja: baba avua kofia, aitazama, aivaa tena. Yeye aliyekulia katika Kiswahili ajua uzito wa marahaba isiyosemwa. Lugha nyingine hazina silaha hiyo. Mwandishi wa Kiingereza hutafuta mistari mitano ya kuonyesha baba amwonea haya mwanawe. Sisi twatosheka na neno moja kutokuwapo.

Ndipo yakatoka yote. Wavu wa zamani ulikuwa umeoza. Kwa miezi miwili nyumba imekula deni. Baba hakuiba, alikopa kwa mwanawe bila kumwuliza, akinuia kurudisha kabla ya siku ya safari, na samaki hawakuja. Mwana hakupiga kelele. Mwisho wa mchezo, kama alivyouandika mwenyewe, ulikuwa hivi: baba auinua wavu begani kwa ncha moja, aelekea mlangoni, na ncha ya pili yaburuta chini. Mwana autazama. Kisha ainama, ainua ile ncha ya pili, auliza, "Tutarudi saa ngapi?" Baba asema, "Bahari ndiyo ijuayo." Wakatoka. Pazia.

Sisi tulitwaa wino mwekundu, tukaandika chini yake: "Baba hana budi kutubu." Ilikuwa siku za karibu na sikukuu ya wazazi, na tulitaka mchezo wenye mafundisho. Tukamwamuru kijana aongeze hotuba ya baba juu ya thamani ya elimu, na shangazi aingie na fedha nyingine. Akatii. Mchezo ukachezwa, wazazi wakapiga makofi, mgeni wa heshima akausifu. Tangu siku hiyo kijana yule aliandika kila zoezi tulilompa, kwa hati nzuri, kwa wakati wake, wala hakuandika tena kitu chochote chenye uhai. Alama zake zilikuwa njema. Sisi hatukuelewa mpaka miaka mitatu baadaye, tulipokuwa tukifundisha tena Luka mlango wa 15, tukafika pale kaka aliposimama nje.

Tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu katika somo hili mwalimu ndiye hatari kubwa kuliko uhaba wa vitabu. Sasa kwa sinema tutakwenda upesi zaidi, ingawa vijana wangependa tuanzie hapo.

Sinema ilionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na ndugu wawili wa jina la Lumière, na kila picha yao ilikuwa ya muda usiofika dakika moja. Kwetu haikuchelewa sana kama watu wadhanivyo. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya kupiga picha za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Wenye kuamua visa walikuwa wageni, na nia yao ilikuwa kufundisha afya, kilimo na kuweka akiba. Maradhi ya hotuba, ambayo tumeyataja, yalikuwako tangu hapo. Katika 1952 ikatoka Muhogo Mchungu, ambamo alicheza Rashidi Kawawa, ambaye baada ya miaka kumi alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Leo simu ya mkononi yapiga picha zilizo bora kuliko mashine za Vugiri, na nchini Kenya mashindano ya michezo ya shule yameipokea filamu kando ya jukwaa. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, basi twatumia ya mwalimu, na wakati mwingine hatutumii yoyote.

Kwa kuwa kuandika sinema si kupiga picha. Zoezi letu ni moja, na ni gumu: twaa onyesho lako la jukwaani, ulilolimaliza na kulipenda, uliandike upya kwa ajili ya sinema, na maneno yasizidi robo ya yale ya kwanza. Wanafunzi huguna. Jukwaani mtazamaji amekaa mbali, aona mwili mzima na chumba kizima, na jicho lake huenda litakako. Ndiyo maana neno lina kazi kubwa, na mahali pawe pamoja au pawili, kwa maana kuhamisha vitanda gizani huleta kicheko. Katika sinema mwandishi humshika mtazamaji kichwa, akamgeuza: tazama mkono huu, sasa tazama mkebe, sasa tazama njia. Baharini waweza kwenda, na kurudi, kwa kufumba na kufumbua.

Kila kipande huandikwa kwa kutaja kwanza kama ni ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku; kisha yale yanayoonekana na kusikika tu. Mwanafunzi akiandika, "Juma akumbuka wema wa shangazi yake," twamwuliza kamera itayaonaje makumbusho hayo. Atafikiri, kisha ataandika ya kuwa Juma alikunja leso ya shangazi akaiweka mfukoni. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa utaratibu huo huchukua kama dakika moja ya picha, na kwa kipimo hicho mwanafunzi hutambua mara moja ya kuwa ule mchezo wake wa kurasa arobaini si kisa kifupi.

Tena picha husema kwa jirani yake. Mwalimu wa sinema wa Urusi, Lev Kuleshov, baada ya mapinduzi ya 1917, aliuonyesha uso mmoja wa mchezaji, usio na dalili ya jambo lolote, ukifuatana na bakuli la supu, kisha uso ule ule ukifuatana na maiti katika jeneza. Yasimuliwa ya kuwa watu waliona njaa hapo kwanza, na huzuni hapo pili, wakamsifu mchezaji. Sisi twalifanya darasani kwa makaratasi. Mwanafunzi huchora uso mtupu katika kadi moja, na katika kadi nyingine wavu, mkebe mtupu, basi lililoegeshwa, mtoto alalaye. Wenzake huzipanga na kuzipangua juu ya meza, na kila mpango ni kisa kingine. Gharama yake ni kadi na penseli.

Ule mchezo wa mvuvi twautumia hapo pia, maana kijana mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alitupa ruhusa. Katika sinema hapana haja ya mkeka. Twaweza kuuona mkebe ukifunguliwa na mkono wa baba usiku. Twaweza kuuona wavu mpya ukizama majini. Lakini wanafunzi werevu hugundua ya kuwa tukivionyesha hivyo twapoteza kile cha jukwaani kilichokuwa bora, yaani mwana kuikalia habari asiyoijua. Baadhi yao huchagua kuubakiza mkeka, na kamera isimame mlangoni bila kusogea, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi akasita. Hatuwaambii ni lipi lililo bora.

Kusahihisha ndiko kunakowashinda walimu wapya. Twawashauri wasianze na wino. Mchezo usomwe kwanza kwa sauti, na wasomaji wawe wanafunzi wengine. Mwandishi akae kimya, asiruhusiwe kueleza alichonuia. Pale msomaji anapojikwaa, maneno ni mazito. Pale darasa linapoanza kukohoa, onyesho ni refu. Kisha aulizwe kila aliyesikiliza: mtu fulani alitaka nini? Majibu yakiwa matano mbalimbali, mwandishi amesikia kasoro yake pasipo mwalimu kufungua kinywa. Kwa alama twatazama jambo moja kuliko mengine, yaani kama aliyeingia katika onyesho atoka akiwa na kitu alichokuwa hana, au amepungukiwa na kitu alichokuwa nacho. Herufi kubwa na vituo vina masomo yao mengine.

Wazazi huuliza kama mtoto atapata kazi kwa somo hili. Wachache watapata, katika redio, katika televisheni, katika makundi ya michezo na filamu. Walio wengi hawatapata, na si haki kuwadanganya. Somo lenyewe halihitaji zaidi ya vipindi viwili kwa juma.

Kila mwaka, walimu wanafunzi wetu wanapokaribia kumaliza, twawapa mchezo wa mvuvi usio na jina la mwandishi, katika karatasi mbili: moja ina mwisho wa kijana, ya pili ina mwisho wetu wenye hotuba na shangazi. Hatuwaambii ni nani aliyeandika upi. Twawataka waseme ni upi wangeuchezesha mbele ya wazazi. Mwaka jana walibishana mpaka kengele ikalia, na wengine wakabaki. Mmoja alisema ya kuwa baba asiyeomba radhi ni mfano mbaya kwa watoto. Mwingine, mtu wa Kilwa, akamjibu ya kuwa baba ameomba radhi, ila ameomba kwa kuiacha ile ncha ya wavu iburute.